Rejista ya huduma na kituo cha mipangilio kwenye wingu: ulipie kipi, uache kipi

Vijana wanaounda mifumo hapa Tanga hurudia swali moja: tukodi Nacos (programu iliyotoka Alibaba) inayosimamiwa na mtoa huduma, tutumie vya AWS (wingu la Amazon), au tubaki na Kubernetes yetu (mfumo wa kuendesha programu nyingi kwenye kundi la seva)? Swali hilo limefunga kamba moja vitu viwili ambavyo si lazima vitoke duka moja. Kuna rejista ya huduma, yaani orodha ya programu zipi ziko hai na zinapatikana wapi, na kuna kituo cha mipangilio, yaani mahali pamoja ambapo programu husoma thamani zake. Nacos imetuzoesha kuvipokea kwa pamoja kwa sababu imevibeba vyote viwili tangu Alibaba walipoiachia kama programu huria mwaka 2018, na wengi wakadhani ni kitu kimoja chenye kurasa mbili.

Tuuchukue mfano mmoja twende nao. Kampuni ya mabasi, ya kubuni, ina magari yanayotoka stendi ya Kange kwenda Dar, Arusha na Mombasa kupitia Horohoro. Mfumo wake umegawanywa kuwa huduma ndogondogo sita: tiketi, viti, malipo, vifurushi, SMS na ripoti. Kila huduma ina kontena mbili, yaani nakala mbili zinazoendeshwa kila moja ndani ya kifurushi chake, jumla 12, zote ziko kwenye wingu. Ofisini Ngamiani kuna kompyuta moja inayochapa tiketi na inayotakiwa kuendelea kuuza hata mtandao ukiwa haupo. Waprogramu ni watatu, na mmoja wao ndiye anayepokea simu za mawakala.

Kwenye mfumo huo, rejista ni mpiga debe wa pale Kange: anajua sasa hivi gari gani lipo, limesimama wapi, na lipi limeshaondoka. Kituo cha mipangilio ni bango la nauli lililobandikwa ofisini. Mpiga debe akikosea, abiria anapoteza dakika chache. Bango likikosewa, siku nzima inauzwa kwa bei mbaya.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa timu ya ukubwa huo, rejista usiilipie. Chukua ile inayokuja na jukwaa ambalo kontena zako ziko tayari. Pesa na umakini vipeleke kwenye mipangilio.

Rejista: kazi ambayo karibu imeshafanywa

Ukiwa kwenye Kubernetes, rejista unayo hata kama hujui. Kila Service (huduma uliyoitangaza) inapata jina la DNS, mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani, ndani ya klasta (kundi la seva), CoreDNS iliyomo humo inajibu, na kontena isiyopita kipimo cha utayari huondolewa kwenye orodha ya zinazopokea maombi. Huduma ya tiketi inaita `http://malipo` na mambo yanakwenda. Hakuna maktaba ya kuongeza, hakuna nywila, hakuna bili mpya. Kuweka Nacos au Eureka (rejista nyingine) juu ya hapo, kwa ajili ya rejista tu, ni kuajiri mpiga debe wa pili kusimama mlango uleule.

Nje ya Kubernetes, ukiwa AWS kwa kontena za ECS (huduma yao ya kuendesha kontena), kuna Cloud Map, rejista yao. Unasajili huduma, kisha unaipata kwa njia mbili: kwa DNS au kwa kuita API, yaani programu kuiuliza Cloud Map moja kwa moja. Bei ya orodha ni senti 10 za dola kwa kila rasilimali iliyosajiliwa kwa mwezi, na dola 1 kwa kila maombi milioni ya API. Kontena 12 zingekuwa dola 1.20 tu, na hapo ndipo watu hufurahi mapema. Maombi ndiyo yanayokula. Kontena 12, kila moja ikiulizia wenzake watano kila baada ya sekunde 10, zinatoa maombi zaidi ya milioni 15 kwa mwezi. Hapo ni kama dola 15 na nusu. Ukipita njia ya DNS gharama inashuka, lakini unapokea tatizo lingine: majibu ya DNS hukaa kwenye kumbukumbu za programu kwa muda, na kontena iliyokufa inaendelea kupigiwa simu hadi muda huo uishe. Kwa programu za Java, angalia hasa mpangilio wa JVM (injini inayoziendesha) wa kushika majibu ya DNS, ambao kwa kawaida ni sekunde 30.

Nacos kwenye upande huu ni nzuri, sitaificha. Inasukuma mabadiliko badala ya kusubiri kuulizwa, ina uzito wa kila kontena, na unaweza kuiondoa kontena moja kwenye mzunguko kwa kubofya. Ukihitaji kupeleka asilimia ndogo ya maombi kwenye toleo jipya la huduma ya viti, utafurahia. Eureka ya Netflix, iliyotoka 2012, ni mzee mwenye heshima zake: inapokea mapigo, yaani ujumbe wa «bado nipo», kila sekunde 30, na huduma isiyoonekana kwa sekunde 90 inafutwa. Kwa mfumo mpya leo nisingeianzishia, ila ukiikuta inafanya kazi kwenye mradi wa zamani wa Spring (fremu ya Java), iache ifanye kazi yake.

Mipangilio: hapa ndipo pa kulipia

Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachopangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa kilomita, kulingana na daraja la basi. Zilipopanda Desemba 2023, kila mwenye mfumo wa tiketi nchini alikuwa na kazi ileile ya kubadilisha namba kwenye mifumo yake. Na tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, ile saa tulivu ya kufanyia mabadiliko haipo tena. Kuna mtu anakata tiketi muda wote.

Mwenye kampuni haulizi unatumia nini. Anasema hivi:

«Mwanangu, hii nauli ianze saa sita usiku juu ya alama. Nisisikie Korogwe wanatoza hii, Muheza wanatoza ile.»

«Sawa mzee, imepokelewa.»

Sasa pima kila chaguo kwa agizo hilo moja.

AWS AppConfig, kituo cha mipangilio cha AWS, ina kitu ambacho wengine hawana kwa ukamilifu ule: mkakati wa kusambaza. Unaweza kupeleka mipangilio kwa asilimia 10 ya kontena kwanza, iongezeke hatua kwa hatua kwa dakika 20, au nusu kila sekunde 30, na kengele ya CloudWatch (kifuatiliaji cha AWS) ikilia mipangilio inarudishwa toleo la nyuma yenyewe. Kabla ya hapo unaweza kuikagua kwa JSON Schema (kanuni za umbo la data), kwa hiyo nauli iliyoandikwa kwa herufi badala ya namba haipiti mlangoni. Kwa kipengele kipya, mfano kuchagua kiti kwa simu, mkakati wa polepole ni zawadi. Kwa nauli ni balaa. Asilimia 10 ya kontena zikitoza bei mpya na 90 bei ya zamani, umetengeneza kwa mkono wako kile ambacho mzee amekikataza. Nauli inatumwa kwa wote mara moja.

Hata «mara moja» ina mwanya wake. Wakala wa AppConfig anayekaa pembeni ya kontena huulizia mipangilio mipya kila sekunde 45 kwa chaguo-msingi. Azure App Configuration, ya Microsoft, kwa kawaida huulizia kila sekunde 30. Nacos kuanzia toleo la 2 inasukuma kupitia gRPC, muunganisho unaobaki wazi, kwa hiyo ni ya haraka kuliko hizo, lakini hata yenyewe haikuahidi kwamba kontena zote 12 zitabadilika kwa sekunde ileile. Hakuna kituo cha mipangilio kitakachokupa hilo. Dawa yake iko ndani ya mipangilio yenyewe: weka nauli ya zamani na mpya pamoja, na ufunguo wa `kuanzia` wenye tarehe na saa. Unaisambaza mchana, ukiwa umekaa na chai yako, na saa sita ikifika kila kontena inageuka kwa saa yake.

Kwenye `kuanzia` hiyo andika `2023-12-08T00:00:00+03:00`, na ile `+03:00` usiiache. Seva nyingi za wingu zimewekwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiandika saa sita usiku bila kusema ni ya wapi, nauli mpya itaanza saa tisa usiku kwa saa za Tanga, na kwa muda wa saa tatu utakuwa unauza kwa bei ya jana bila hata kosa moja kuonekana kwenye logi.

Azure inaingia hapa kwa mlango mzuri. Bendera zake za vipengele, yaani swichi za kuwasha na kuzima sehemu ya programu, zina kichujio cha muda, yaani kipengele kinafunguka tarehe fulani na kujifunga tarehe fulani bila wewe kuandika msimbo. Ina pia mtindo wa ufunguo mmoja wa kuangaliwa: unabadilisha funguo 20 za nauli, programu hazishtuki, kisha unabadilisha ule mmoja wa mwisho na zote zinasoma upya kwa pamoja. Kwa mipangilio inayotegemeana, mtindo huo unazuia programu kusoma nusu ya mabadiliko.

ConfigMap, sehemu ya Kubernetes ya kuwekea mipangilio, inatosha kwa mipangilio isiyobadilika mara kwa mara, na ukomo wake wa MiB 1 ni mkubwa kuliko utakavyohitaji. Ila ina mitego miwili inayowanasa wengi. Ukiipokea kama vigezo vya mazingira, haibadiliki hadi kontena iwashwe upya. Ukiipachika kama faili, hubadilika baada ya kama dakika moja, isipokuwa umeipachika kwa `subPath`, yaani faili moja badala ya saraka nzima. Hapo haibadiliki kabisa. Historia haina. Ukitaka kujua nani alibadilisha nauli ya Arusha Jumanne, Git (hifadhi ya historia ya msimbo) ndiyo itakayokujibu, kama uliiweka kuwa njia pekee ya kufikia klasta.

Kwa macho, vinakaa hivi:

| | Rejista | Mipangilio mipya hufikaje | Historia | Unachotozwa |
|---|---|---|---|---|
| AWS | Cloud Map, au ya ECS/EKS | Wakala huulizia, sekunde 45 | Matoleo yenye namba | Kwa matumizi |
| Azure App Configuration | Hakuna. Ya jukwaa lako | Maktaba huulizia, sekunde 30 | Siku 7 bure, 30 Standard | Kwa siku |
| Nacos inayosimamiwa | Imo ndani | Husukumwa | Siku 30 kwa chaguo-msingi | Kwa klasta, utumie usitumie |
| Kubernetes | Imo ndani | Faili, kama dakika 1 | Hakuna bila Git | Klasta yenyewe |

Kompyuta ya Ngamiani na kebo za baharini

Jumapili ya 12 Mei 2024 intaneti ya Tanzania ilidhoofika vibaya pamoja na ya majirani kadhaa. Kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Na Afrika Kusini ndiko zilipo kanda za wingu (maeneo yenye vituo vya data) za Afrika za watoa huduma hawa wakubwa: AWS iko Cape Town tangu 2020, Azure iko Johannesburg tangu 2019, na Google walifungua Johannesburg Januari 2024.

Watu wengi huchagua kituo kwa kupima umbali kutoka Tanga. Kwa rejista, kipimo hicho hakina kazi. Huduma ya tiketi inapoitafuta huduma ya malipo, zote mbili ziko Cape Town. Kebo ya baharini haihusiki. Kinachohusika ni kile ulichokiacha nje ya wingu, yaani kompyuta ya Ngamiani.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuisajili kompyuta hiyo kwenye rejista ya wingu, iwe «sehemu ya mfumo». Kwanza, anwani yake iko nyuma ya ruta ya ofisi. Huduma za Cape Town haziwezi kuipigia bila VPN. Pili, mapigo yake yanapita kebo zilezile. Nacos ya toleo la 1 ilihesabu mapigo kila sekunde 5, ikaiita huduma mgonjwa baada ya sekunde 15 na kuifuta baada ya 30. Kuanzia toleo la 2 uhai umefungwa kwenye muunganisho wenyewe, ukikatika umekatika. Mtandao wa ofisi ukiyumba, kompyuta itasajiliwa na kufutwa mchana kutwa, na kengele zako zitalia mpaka uzizime. Eureka ina ulinzi wa kujihifadhi: mapigo yakishuka chini ya asilimia 85 ya yanayotarajiwa, inaacha kufuta. Lakini huo ulinzi hutazama jumla. Kompyuta moja ya Ngamiani ikipotea kati ya kontena 12, jumla haijashuka kiasi hicho, na itafutwa kama kawaida.

Kwa hiyo kompyuta ya ofisini isisajiliwe popote. Yenyewe ndiyo iombe: ichukue mipangilio, isukume tiketi zilizouzwa kwenye foleni, basi. Halafu uliza swali la maana zaidi kwa kila mtoa huduma: mtandao ukiwa umekatika, na umeme nao ukakatika na kurudi, kompyuta ikiwaka itapata wapi nauli?

Nacos huweka nakala ya mipangilio kwenye diski, kwenye saraka ya `nacos/config` chini ya makazi ya mtumiaji. Ni kitu kizuri sana, hadi uendeshe programu ndani ya kontena bila kuipachikia saraka hiyo diski ya kudumu. Kontena mpya inazaliwa na saraka tupu. AppConfig ina wakala anayeweza kukaa hata kwenye mashine ya ofisini, na una uhuru wa kumwambia saraka ya akiba kwa kigezo cha `BACKUP_DIRECTORY`; usipomwambia, anashika kwenye kumbukumbu tu. Maktaba za Azure nazo hushika kwenye kumbukumbu ya programu, kwa hiyo faili la akiba utaliandika wewe. Si kazi kubwa: mistari michache inayohifadhi JSON ya mwisho iliyosomwa salama, na inayoisoma pale kituo kisipojibu. Ila iandike kabla ya siku ya kuihitaji.

Na hapa ile tarehe ya `kuanzia` inalipa mara ya pili. Nakala iliyochukuliwa jana mchana ina nauli ya leo ndani yake. Kompyuta haihitaji mtandao ili kugeuka saa sita.

Bei, kwa mahesabu ya mfumo huu

AppConfig: kontena 12 zikiulizia kila sekunde 45 zinafanya maombi 691,200 kwa siku 30. Kwa bei ya orodha ya senti 20 za dola kwa milioni, hiyo ni kama senti 14. Kila mipangilio mipya inapopokelewa unaongezwa dola 0.0008 kwa kontena. Jumla haifiki nusu dola. Hizo ni bei za kanda za Marekani, na Cape Town hupanda kidogo, lakini hata ikizidishwa mara mbili bado ni pesa ya vocha.

Azure Standard ni dola 1.20 kwa siku kwa kila stoo ya mipangilio, kama dola 36 kwa mwezi, na ndani yake kuna maombi 200,000 kwa siku, ambayo hutayamaliza. Ngazi ya bure ina maombi 1,000 kwa siku. Kontena moja ikiulizia kila sekunde 30 hufanya 2,880. Yaani ngazi ya bure haiwezi kubeba hata kontena moja siku nzima, na ukizidisha unarudishiwa jibu la 429 (maombi yamezidi) hadi siku iishe. Itumie kujifunzia.

Kubernetes inayosimamiwa: EKS ya AWS hutoza senti 10 za dola kwa saa kwa klasta, karibu dola 73 kwa mwezi kabla hujawasha seva hata moja. GKE ya Google ina kiwango hichohicho, lakini hutoa salio la bure la kila mwezi linalofunika klasta moja ya kanda ndogo. AKS ya Azure ina ngazi isiyotoza usimamizi. Kama unaanzisha Kubernetes ili upate rejista tu, umenunua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha chai ya maziwa.

Nacos ukiisimamisha mwenyewe, klasta ya kuaminika inataka mashine tatu na kanzidata ya MySQL pembeni, na mtu wa kuzihudumia. Inayosimamiwa, kama MSE ya Alibaba Cloud au TSE ya Tencent Cloud, inakuondolea mtu huyo, lakini unalipia klasta kila saa hata usiku ambao hakuna aliyebadilisha kitu. Halafu kuna suala la kanda. Alibaba Cloud iko Dubai tangu 2016. Hakikisha MSE imo kwenye orodha ya bidhaa za kanda unayoitaka kabla hujamwahidi mtu. Kituo cha mipangilio Dubai na kontena Cape Town ni mpango wa kujitafutia usingizi wa mang'amung'amu.

Yote haya hulipwa kwa dola kwa kadi. Wakumbushe wa uhasibu tarehe ya mwisho ya kadi yenyewe, maana akaunti ya wingu iliyosimamishwa haitofautishi kati ya mdaiwa sugu na kadi iliyopitwa na muda.

Ukiamua Nacos inayosimamiwa

Kuna timu ambazo ni haki yao: msimbo wote ni Spring Cloud Alibaba au Dubbo (fremu za Java zilizotoka Alibaba), na kontena ziko wingu hilohilo. Hapo usihangaike na vingine.

Unda klasta ndani ya mtandao binafsi uleule wa kontena, nodi tatu au zaidi kwa idadi witiri, na anwani ya ndani tu. Anwani ya hadharani usiiwashe, hata kwa majaribio ya jioni moja. Kisha fungua poti mbili, si moja. 8848 ndiyo inayojulikana na kila mtu. Kuanzia toleo la 2 programu huongea pia kwa gRPC kupitia 9848, ambayo ni ile ya kwanza ukijumlisha 1,000. Ukisahau hiyo ya pili, dashibodi itafunguka vizuri, nywila itakubali, na programu zako zitakataa kuunganishwa huku ujumbe wa kosa ukikuelekeza kwingine kabisa. Saa nyingi za watu zimeishia hapo.

Baada ya hapo tengeneza neimspesi (sehemu iliyotengwa) tofauti ya majaribio na ya kazi, kila huduma na akaunti yake, na uthibitishaji uwe umewashwa. Kwa muda mrefu Nacos ya kusimamisha mwenyewe ilikuja uthibitishaji ukiwa umezimwa na nywila ya `nacos`. Matoleo ya kabla ya 1.4.1 yalikuwa na tundu la CVE-2021-29441: ombi lililojitambulisha kwa `User-Agent` ya `Nacos-Server` lilipita bila kuulizwa nywila. Baadaye likaonekana tatizo la ufunguo wa chaguo-msingi wa kutia saini tokeni, ambao kila aliyepakua programu alikuwa nao. Mtoa huduma anakufanyia masasisho, lakini toleo unalochagua siku ya kwanza ni juu yako. Chagua la karibuni.

Kwenye Spring Boot kuanzia 2.4, mipangilio huvutwa kwa `spring.config.import`. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanaonyesha faili la `bootstrap`, na ndiyo maana watu hulalamika kwamba Nacos «haisomi».

Siri, na majina ya watu

Nywila ya kanzidata na funguo za malipo ya simu zisikae kwenye kituo cha mipangilio chochote kati ya hivi. Nacos ya kawaida huandika kila kitu wazi kwenye MySQL yake. Secret ya Kubernetes ni base64, ambayo si usimbaji bali ni mwandiko mwingine. Parameter Store ya AWS inakupa vigezo vya kawaida bure, hadi KB 4 kila kimoja, vikiwa vimesimbwa ukitaka. Secrets Manager ni senti 40 kwa siri kwa mwezi na inaweza kuzizungusha yenyewe. Azure hukuruhusu kuweka kiungo cha Key Vault, kabati lake la siri, mahali pa thamani.

Jambo linalosahaulika ni orodha za simu. Msimbo wa huduma ya SMS mara nyingi unasoma kwenye mipangilio namba za mawakala na madereva wa kutumiwa taarifa. Hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo ina masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Zihamishie kwenye kanzidata, zitendewe kama taarifa nyingine za watu. Namba ya simu ya dereva haina sababu ya kukaa kwenye historia ya mipangilio ambayo kila mprogramu anaisoma.

Duka linaweza kufungwa

HashiCorp waliifunga HCP Consul Dedicated, ile Consul yao ya kusimamiwa, ambayo nayo ni rejista, Novemba 2025. Azure Spring Apps, iliyokuwa na Eureka na Config Server tayari ndani yake, inastaafishwa Machi 2028. AWS App Mesh ina mwisho wake Septemba 2026. Hakuna kati ya hivyo kilichokuwa kitu cha wahuni. Ni bidhaa za kampuni kubwa zilizobadili mipango.

Ukishaliona hilo, namna ya kujenga inabadilika kidogo. Chanzo cha mipangilio kiwe Git yako, na kazi ya kituo iwe kusambaza. Msimbo wa huduma ya tiketi usiite maktaba ya AppConfig au ya Nacos moja kwa moja katika kila kona. Uite kifungu kimoja ulichokiandika wewe, `somaNauli()`, na kilicho nyuma yake kibadilike bila wengine kujua.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Kampuni ya mabasi ya Kange, kontena zikiwa ECS: AppConfig kwa mipangilio, Service Connect ya ECS au DNS ya Cloud Map kwa rejista, Parameter Store kwa siri. Sioni ushindani wa karibu kwa bei wala kwa ukaguzi wa kabla ya kusambaza.

Timu ya .NET iliyo Azure tayari ichukue App Configuration ya Standard na ikubali zile dola 36. Kichujio cha muda peke yake kinaokoa msimbo mwingi. Ukiwa na Kubernetes na mnabadilisha mipangilio mara chache kwa mwezi, ConfigMap na Git vinatosha, na siku mtakayotaka bendera za vipengele mtaongeza AppConfig au App Configuration juu yake bila kugusa rejista. Nacos ya kusimamiwa ni ya aliye Alibaba au Tencent kwa sababu nyingine tayari, mwenye huduma nyingi kuliko sita, na mwenye haja ya kweli ya kugawa maombi kwa uzito.

Na aliye na huduma mbili tu, tiketi na malipo, kwenye seva moja: faili la YAML na kuwasha upya. Rudi kwenye ulinganisho huu zikifika tano.